Kukosoa ni Kulitengua Kosa: Namna ya Kutoa na Kupokea Ukosoaji Kazini

Kitenzi "kosoa" kimeumbwa kwa namna ileile vilivyoumbwa "fungua", "zibua" na "tegua". Kama ambavyo kufungua ni kukigeuza kinyume kitendo cha kufunga, na kutegua ni kuuondoa mtego uliotegwa, ndivyo kukosoa kulivyo kukitendua kitendo cha kukosa: kosa lilikuwapo, sasa limeondolewa. Ninaanza na sarufi kwa sababu matumizi ya kila siku yamelipunguzia neno hili nguvu hadi likawa karibu sawa na kulaumu, na upungufu huo hauishii kwenye maneno bali unaonekana katika ofisi, karakana na wodi tunamofanyia kazi. Ukimwita mwenzako, ukamweleza kwa dakika ishirini jinsi kazi yake ilivyokuvunja moyo, naye akatoka akiwa ameinamisha kichwa bila kujua afanye nini tofauti kesho yake, hujamkosoa, umemlaumu tu. Kosa limebaki palepale, na juu yake mmeongeza uchungu.

Maelekezo yanayofuata yote yanapimwa kwa kipimo hicho kimoja, yaani kama kosa limeondoka au la. Yanamhusu anayekosoa na anayekosolewa pia, kwa kuwa kosa halitenguliwi na mtu mmoja.

Maandalizi kabla ya kusema

Sehemu kubwa ya ukosoaji unaoharibika huharibika kabla neno la kwanza halijatamkwa, kwa kuwa msemaji huingia kwenye mazungumzo akiwa na hasira iliyoiva na hoja iliyo mbichi. Kwa hiyo kaa chini, chukua karatasi, uandike sentensi tatu: nimeona nini, kimeleta madhara gani, na ningependa kifanyike nini badala yake. Usipoweza kuziandika, hujawa tayari kusema.

Tuchukue mfano mmoja tutakaokwenda nao. Ofisa fulani huandaa ripoti ya mwezi ya idara yake. Katika ripoti ya mwezi uliopita, jumla ya matumizi iliyo kwenye jedwali la ukurasa wa 3 haikulingana na ile ya ukurasa wa 7. Mkuu wa idara aliulizwa juu ya tofauti hiyo mbele ya menejimenti, akakosa jibu, na uamuzi wa kununua vifaa uliokuwa ufanyike siku hiyo ukaahirishwa kwa wiki mbili. Mkuu huyo anapotoka kikaoni, sentensi inayomjia mdomoni ni "Huyu ni mzembe." Lakini akijaribu kuiandika kwenye karatasi yake, ataona kwamba haina mahali pa kuingia kati ya zile sentensi tatu. Uzembe hakuuona kwa macho. Alichokiona ni tarakimu mbili zisizolingana, na kilichobaki amekiongeza mwenyewe.

Kuongeza huko ni mazoea ya binadamu wote. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross aliupa jina mwelekeo wetu wa kueleza matendo ya watu wengine kwa tabia zao, huku tukiyapuuza mazingira yaliyowasukuma kutenda hivyo. Mwenzetu akichelewa tunasema hajali. Sisi tukichelewa, barabara ilikuwa na msongamano. Anayetaka kukosoa kwa haki hana budi kuanza kwa kujishuku katika jambo hili, na njia rahisi ya kujishuku ni kuuliza mambo matatu au manne yanayoweza kuwa yamesababisha kosa pasipo tabia ya mtu kuhusika hata kidogo: muda aliopewa, zana alizonazo, maelekezo aliyoyapata, na takwimu zilizomfikia.

Jiulize pia kama jambo lenyewe ni kosa au ni ladha yako tu. Kuna wasimamizi wanaorudisha rasimu zikiwa zimejaa wino mwekundu, na ukichunguza unakuta nusu ya masahihisho ni maneno yenye maana ileile ambayo msimamizi anayapenda zaidi. Mwandishi wa rasimu hana namna ya kutofautisha masahihisho ya lazima na ya ladha, kwa hiyo hujifunza kwamba hakuna kitakachomridhisha mkubwa wake, na baada ya muda huacha kujisumbua. Kama ni ladha, iache ipite. Na kama huwezi kuiacha, basi sema wazi kwamba ni pendekezo.

Kuhusu wakati, ngoja hasira ishuke, lakini usingoje kumbukumbu ifutike. Kesho yake asubuhi ni wakati mzuri. Mwisho wa mwaka, kwenye fomu ya tathmini ya utendaji, ni wakati mbaya kuliko yote. Mfanyakazi anayesoma katika tathmini ya Desemba kosa alilolifanya Machi, ambalo hakuwahi kuambiwa, amedhulumiwa miezi tisa ya kujirekebisha, na ana haki ya kukasirika. Waliosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta walilijua jambo hili vizuri. Kuhusu mahali, jambo la mtu binafsi lizungumzwe faraghani, isipokuwa pale penye hatari. Mtu anayetaka kuingiza mkono kwenye mashine inayozunguka, au muuguzi aliyeshika dawa isiyo ya mgonjwa huyo, azuiwe papo hapo, kwa sauti, mbele ya yeyote aliyepo. Heshima yake itarudishwa baadaye.

Maneno yenyewe

Taasisi ya Marekani iitwayo Center for Creative Leadership imekuwa ikifundisha utaratibu wa hatua tatu ambao umeenea sana kwa sababu unakumbukika: eleza hali, eleza tendo, eleza athari. Mkuu wa idara katika mfano wetu angesema hivi: "Katika ripoti ya mwezi uliopita, jumla ya matumizi ya ukurasa wa 3 ni tofauti na ile ya ukurasa wa 7. Nilipoulizwa kikaoni sikuwa na jibu, na ununuzi wa vifaa umesogezwa mbele kwa wiki mbili. Naomba unieleze huwa unaiandaaje ripoti hii, ili tuone tofauti hiyo imeingilia wapi." Hakuna katika maneno hayo jambo ambalo ofisa anaweza kulikana, wala hakuna linalomlazimu kuitetea nafsi yake. Wote wawili wanaitazama karatasi ileile.

Umuhimu wa kuitazama karatasi badala ya kumtazama mtu una ushahidi wa kisayansi. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walichapisha uchambuzi wa matokeo 607 ya utafiti, yaliyojengwa juu ya vipimo zaidi ya 23,000, kuhusu kinachotokea watu wanapopewa mrejesho juu ya utendaji wao. Kwa wastani mrejesho ulisaidia. Hata hivyo, katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo utendaji ulishuka baada ya mrejesho kutolewa, jambo ambalo kila msimamizi angepaswa kulibandika juu ya meza yake. Maelezo waliyoyatoa watafiti hao ni kwamba mrejesho hupoteza nguvu kadiri unavyoihamisha akili ya msikilizaji kutoka kwenye kazi na kuipeleka kwenye nafsi yake. Mtu anayejiuliza "Je, mimi sifai?" hana nafasi kichwani ya kujiuliza "Je, jedwali hili lirekebishwe vipi?"

Nililijua hilo mwilini kabla sijalisoma popote. Katika miaka yangu ya mwanzo kazini nilirudishiwa andiko lililoandikwa neno moja juu yake: "Rudia." Niliandika upya mara tatu, kila mara nikibahatisha kilichokosewa, na kila mara nikizidi kuamini kwamba tatizo ni mimi. Hatimaye mwenzangu mkubwa kwa umri aliketi nami, akaweka kidole kwenye aya ya pili, akasema, "Hapa umetoa sababu kabla hujataja jambo lenyewe. Msomaji hajui unamtolea sababu za nini." Nilimaliza marekebisho kwa nusu saa. Watu wote wawili waliliona kosa lilelile, lakini ni mmoja tu aliyenionyesha lilipo.

Kuna mbinu inayofundishwa mahali pengi ya kuizungushia lawama sifa, yaani uanze kwa kusifu, upenyeze kosa katikati, kisha umalize kwa kusifu tena. Mimi siipendekezi. Msikilizaji mwepesi wa moyo huzisikia sifa mbili na kulikosa kosa. Msikilizaji mwerevu hutambua mchezo baada ya mara ya pili, na tangu hapo kila sifa unayompa humfanya akunje uso akisubiri kinachofuata. Unapoteza vyote viwili kwa pamoja. Sifa itolewe kwa siku yake na kwa sababu yake, nayo iwe mahususi kama lilivyo kosa.

Hata hivyo, si kweli kwamba ukosoaji mtupu ndio bora. Mwaka 1999 Geoffrey Cohen, Claude Steele na Lee Ross walionyesha, kwa wanafunzi waliopewa masahihisho ya maandishi yao, kwamba ukosoaji mkali ulipokelewa vizuri na kuamsha hamu ya kurekebisha pale ulipoambatana na mambo mawili: kauli kwamba kiwango kinachotakiwa ni cha juu, na hakikisho kwamba mwandishi anaaminiwa kuweza kukifikia. Kwa hiyo mkuu wetu anaweza kuongeza: "Ripoti hii ndiyo inayotegemewa na menejimenti kufanya uamuzi, ndiyo maana ninaisoma kwa makini, na uchambuzi wako wa miezi iliyopita unanionyesha kwamba unaweza kuifikisha huko." Kauli ya namna hii hailipaki kosa rangi. Inampa msikilizaji sababu ya kuamini kwamba anakosolewa na mtu aliye upande wake. Sharti lake ni moja tu: iwe kweli. Usipoamini kwamba anaweza, usiseme.

Yapo maneno ya kuepuka. "Siku zote," "kila mara" na "hata siku moja" humfanya msikilizaji aanze kutafuta ile siku moja ambayo haikuwa hivyo, naye ataipata, na mazungumzo yatahamia huko. Baya zaidi ni "watu wanalalamika." Msemaji hudhani ameipa hoja yake uzito kwa kuiongezea mashahidi, kumbe amempeleka mwenzake kutafuta wachongezi, atarudi mezani pake akimtazama kila mmoja kwa jicho la pembeni, na kosa lililotajwa atalisahau. Sema uliyoyaona wewe. Kama umeyasikia kwa mwingine, mtake huyo mwingine ayaseme mwenyewe, au nenda kwanza ukayaone.

Ukishasema, nyamaza. Kwa wengi hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, kwa sababu ukimya unachoma na ulimi hutafuta kuujaza kwa kurudia hoja ileile kwa maneno mapya, kila mara makali kidogo kuliko mwanzo. Mwache mwenzako ajibu. Katika mfano wetu, ofisa anaeleza kwamba takwimu za bohari humfikia siku moja baada ya tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ripoti. Hivyo huweka makadirio, na takwimu halisi zikija hulisahihisha jedwali la kwanza, huku la ukurasa wa 7 likiwa limeshaunganishwa na ripoti za idara nyingine. Sasa kosa limeonekana lilipo hasa, na sehemu kubwa yake haiko mikononi mwa ofisa. Kama mkuu angeanza na "Wewe ni mzembe," maelezo hayo yangesikika kama visingizio, na mwezi ujao tofauti ileile ingejirudia.

Mazungumzo yasiishe bila makubaliano: nani atafanya nini, na lini tutaangalia kama imefanyika. Mkuu ataiomba bohari ilete takwimu siku mbili mapema. Ofisa atalinganisha jumla zote kabla ya kuwasilisha, na pale penye makadirio ataandika kwamba ni makadirio. Kisha mmoja wao ayaandike hayo kwa barua pepe fupi. Barua pepe inafaa kwa kuthibitisha yaliyokubaliwa, lakini haifai kwa kuanzishia ukosoaji, kwa kuwa haina sauti wala uso, na msomaji mwenye wasiwasi huisoma kwa sauti kali kuliko aliyokusudia mwandishi.

Adabu inayodhuru

Wengi wetu tumelelewa kuona kwamba kumwambia mtu kosa lake usoni ni utovu wa adabu, hasa akiwa amekuzidi umri au cheo. Matokeo yake tunasema kwa mafumbo. Tunatoa mfano wa mtu mwingine tukitumaini mlengwa atajitambua. Tunatangaza kwenye kikao cha watu kumi na wawili jambo linalomhusu mmoja. Tunauliza swali ambalo jibu lake tunalijua. Ninaiheshimu nia iliyo nyuma ya tabia hii, maana ni nia ya kumhifadhi mtu asiaibike. Lakini katika kazi, fumbo lina kasoro isiyotibika: anayelengwa ana uhuru wa kutolielewa, na mara nyingi huutumia, ilhali wale kumi na mmoja wasiohusika huondoka wakijiuliza kama wao ndio waliosemwa.

Madhara yake yaliwahi kuonekana angani. Tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya abiria aina ya DC-8 ya shirika la United, safari namba 173, ilikuwa ikizunguka karibu na Portland nchini Marekani kwa muda wa takriban saa nzima, huku rubani mkuu akishughulikia hitilafu ya magurudumu na kuandaa abiria kwa kutua kwa dharura. Rubani msaidizi na mhandisi wa ndege walitaja hali ya mafuta zaidi ya mara moja, lakini hawakuifikisha hofu yao kwa namna ya kumfanya rubani mkuu aache alichokuwa akikifanya. Injini zikazima kwa kukosa mafuta, ndege ikaanguka, na kati ya watu 189 waliokuwamo, 10 walifariki. Wachunguzi wa serikali walimtaja rubani mkuu kwa kutofuatilia mafuta na kutoitikia maelezo ya wasaidizi wake, na wakataja pia kwamba wasaidizi hao ama hawakuutambua kikamilifu uzito wa hali ya mafuta, ama hawakufanikiwa kuuwasilisha kwake. Mwaka 1979 shirika la NASA liliitisha warsha juu ya tatizo la mawasiliano ndani ya vyumba vya marubani, na kuanzia 1981 United ikawa na programu ya mafunzo inayowafundisha wasaidizi kusema kwa uwazi na wakuu kusikiliza. Mafunzo ya namna hiyo yalienea baadaye katika mashirika ya ndege duniani.

Kazi za wengi wetu haziangushi ndege, lakini muundo wa tatizo ni uleule: aliye chini ameona, amedokeza, na amejiridhisha kwamba amesema. Ukitaka kumkosoa aliye juu yako, tafuta faragha, taja jambo unalotaka kulizungumzia, uombe muda. "Mkuu, nina jambo kuhusu vikao vyetu vya Jumatatu ambalo naona linatuchelewesha. Naomba dakika kumi leo au kesho." Muda ukipatikana, funganisha hoja yako na lengo ambalo yeye mwenyewe analitafuta, eleza ulichokiona kwa hesabu ikiwezekana, na uje na pendekezo mkononi: "Kikao kimekuwa kikichukua saa mbili na nusu, na timu ya huduma inaanza kazi baada ya wateja kuwa wameshasubiri. Napendekeza taarifa za idara zisomwe kabla, ili kikao kibaki na mambo ya kuamua tu." Heshima yote iwekwe kwenye sauti, mahali na wakati, maudhui yenyewe yabaki wazi.

Nakiri kwamba wako wakubwa wanaomwadhibu anayewaambia ukweli, na mtu mwenye familia ya kulisha hapaswi kuambiwa awe jasiri bila kupima. Ukiwa na mkubwa wa namna hiyo, chagua jambo moja lenye madhara halisi, zungumza naye ukiwa na mwenzako anayeliona vilevile, na weka kumbukumbu ya maandishi ya ulichokisema na tarehe yake.

Kupokea

Anayekosolewa ana kazi ngumu kuliko anayekosoa, kwa sababu mwili wake humtangulia. Moyo huanza kwenda mbio, uso hupata joto, na neno "lakini" hufika mdomoni kabla sentensi ya msemaji haijaisha. Hutakiwi kuzizuia hisia hizo, wala huwezi. Unachotakiwa ni kutozipa kipaza sauti. Chukua kalamu uandike unachoambiwa kwa maneno yaleyale ya msemaji, bila kuyatafsiri. Mkono unaoandika huutuliza ulimi, na baadaye utakuwa na maneno halisi badala ya kumbukumbu iliyokuzwa na uchungu. Ukiona huwezi kujibu kwa utulivu, sema: "Nimekusikia, na nashukuru umeniambia. Naomba nilitafakari, kesho saa nne nitarudi kwako." Kisha urudi kweli saa hiyo.

Kabla ya kuondoka, omba mfano. Msemaji anaweza kuwa amekwambia kwamba huna ushirikiano, neno ambalo huwezi kulifanyia kazi. Muulize, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua na si ya wakili anayehoji shahidi: "Ni lini hasa umeliona hilo, na ulitarajia nifanye nini?" Mara nyingi neno lile kubwa litapungua likawa jambo dogo linaloshikika, kwa mfano kwamba ulibadilisha ratiba bila kuijulisha timu nyingine.

Baadaye, ukiwa peke yako, gawanya ulichokiandika katika mafungu matatu: tukio, tafsiri na pendekezo. Ningeweza kubakiza zoezi moja tu kati ya yote yaliyomo humu, ningebakiza hili. Tukio ni kile kilichotokea, na mtu mwingine angeweza kukiona. Tafsiri ni maana ambayo mkosoaji amekipa. Pendekezo ni kile anachotaka ufanye. Kosa letu la kawaida ni kuvipokea au kuvikataa vyote vitatu kwa mkupuo. Ofisa wa mfano wetu akiambiwa, "Jumla hazilingani, hukuwa makini, kuanzia sasa nipe ripoti siku tatu mapema niikague," anaweza kukubali kwamba jumla hazilingani kwa kuwa ni kweli, akaikataa tafsiri kwamba hakuwa makini kwa kuwa chanzo ni takwimu za bohari, na akaonyesha kwamba kuwasilisha siku tatu mapema kutaongeza makadirio badala ya kuyapunguza. Atakuwa ameupokea ukosoaji kwa uaminifu wote bila kuimeza dhuluma iliyochanganyika nao.

Mgawanyo huo unasaidia zaidi pale ukosoaji unapotolewa vibaya. Msimamizi aliyefoka mbele ya watu amekosea, na una haki ya kumwambia faraghani baadaye kwamba ungependa mambo kama hayo mzungumze wawili. Lakini kufoka kwake hakulifanyi tukio kuwa la uongo. Ukiutumia ubaya wa sauti yake kama sababu ya kutolitazama kosa, kosa litabaki na wewe hata yeye akihamishwa. Kuna mpaka, hata hivyo. Maneno yanayolenga kabila lako, jinsia yako, dini yako au maumbile yako hayana kosa lolote la kutengua ndani yake. Hayo ni matusi, na hupaswi kuyachambua ukitafuta funzo. Andika tarehe, mahali, maneno na waliokuwapo, upeleke suala hilo kwa ofisa rasilimali watu au kwa chombo kinachosimamia maadili ya kazi.

Ni bora zaidi kuutafuta ukosoaji kuliko kuungoja, ila utafutwe kwa swali jembamba. Anayeuliza "Unaionaje kazi yangu?" ataambiwa iko vizuri, maana swali pana namna hiyo linamtaka mwenzako atoe hukumu juu yako. Uliza badala yake: "Katika rasimu hii ungeondoa aya ipi?" au "Ni wapi katika maelezo yangu ya leo ulipotea njia?" Swali hilo linampa ruhusa ya kusema, na pia linamwonyesha pa kuelekeza macho.

Kwa viongozi jambo hili lina uzito wa pekee. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, Amy Edmondson alichunguza makosa ya utoaji dawa katika vikundi vya wauguzi hospitalini, akitarajia kwamba vikundi vyenye uongozi na mahusiano bora vingekuwa na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume: vikundi bora vilikuwa na makosa mengi zaidi yaliyorekodiwa. Alipochimba zaidi alipata maelezo kwamba wauguzi wa vikundi hivyo walikuwa huru kuyasema makosa, ilhali katika vikundi vingine yalifichwa kwa hofu. Kiongozi ambaye hajasikia neno la kumkosoa kwa miezi sita asijipongeze. Akumbuke mara ya mwisho mtu alipomwambia jambo lisilopendeza, uso wake ulikuwaje, na mtu huyo alitendewa nini baadaye, kwa sababu wafanyakazi wengine wote wanakumbuka.

Baada ya mazungumzo

Hapa ndipo ukosoaji mwingi mzuri hufia. Mazungumzo yamekwenda vizuri, barua pepe imeandikwa, kila mmoja amerudi kazini kwake, na hakuna anayelitaja jambo hilo tena hadi likosewe upya. Anayekosolewa asingoje kuulizwa. Baada ya wiki moja au mbili amwendee aliyemkosoa amweleze alichobadilisha na kilichoshindikana. Anayekosoa naye atimize sehemu yake ya makubaliano kabla hajaidai ya mwenzake, kwa maana mkuu aliyeahidi kuzungumza na bohari akasahau hana uso wa kuuliza kwa nini jumla bado hazilingani.

Timu inaweza kulifanya hili kuwa desturi isiyomlenga mtu. Jeshi la Marekani limekuwa likitumia tangu miaka ya 1970 mapitio yanayofanyika mara baada ya zoezi, ambapo askari wa vyeo vyote hujibu kwa pamoja maswali machache: tulikusudia nini, kimetokea nini, kwa nini imekuwa hivyo, na wakati ujao tufanye nini. Ofisi yoyote inaweza kuyauliza maswali hayo kwa dakika kumi na tano kila kazi kubwa inapokamilika, iwe imefaulu au imekwama. Kiongozi aanze kwa kutaja kosa lake mwenyewe, na lisiwe kosa la kubuni la kujionyesha mnyenyekevu.

Kisha ripoti ya mwezi unaofuata ikifika mezani, mkuu wa idara aifungue kwanza ukurasa wa 3 na wa 7. Akikuta jumla zinalingana na makadirio yameandikwa kuwa makadirio, ainue simu siku hiyohiyo amwambie ofisa kwamba ameona.